Kiswaswadu Hakikutosha

Mtu anayeacha unga anaweza kuhama mtaa. Anaweza kuacha kupita kona ya zamani, akabadilisha marafiki, akaenda kukaa kwa shangazi yake Tanga mpaka mwili utulie. Anayeacha kubeti ahamie wapi? Kamari yake imo kwenye simu ileile anayopokelea mshahara, anayonunulia umeme, anayopigiwa na mwalimu wa mtoto na anayotumia kutoa mchango wa msiba. Ukimnyang'anya simu umemtenga na ukoo. Ukimwachia, umemwachia na kamari yake. Katika wiki zangu za mwanzo za kuacha, hilo ndilo lililotuumiza kichwa. Nasema "lililotuumiza" kwa sababu walionisaidia walikuwa wengi, na karibu wote hawajawahi kuweka mkeka maishani mwao. Walikuwa watu wa unga.

Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo. Nilianza kubeti kama walivyoanza wengi, kwa shilingi elfu moja ya Jumamosi, tukiwa tumebanana kwenye kibanda umiza, kila mmoja na mkeka wake na nadharia yake. Mwaka 2017, jina moja la kampuni ya kubeti lilipokaa kifuani mwa jezi za Simba na za Yanga kwa pamoja, watani hatimaye wakapata jambo la kukubaliana. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshavuka hatua ya elfu moja. Baadaye nikaacha kabisa kwenda kibandani. Kama una ndugu anayebeti, hapo ndipo pa kumwangalia: akiwa bado anapiga kelele na wenzake, kuna watu wanaomwona. Akianza kubeti chooni, shughuli imebadilika.

Kombe la Dunia la Qatar la mwaka 2022 lilinimaliza. Saa za Qatar ni saa zetu, kwa hiyo mechi ya kwanza ya siku ilianza saa saba mchana, katikati ya kazi, na ya mwisho saa nne usiku. Novemba 22 Saudi Arabia iliifunga Argentina 2-1 na mikeka ikachanika nchi nzima; nikakopa kwenye simu ili nirudishe. Kesho yake Japani ikaifunga Ujerumani 2-1. Nikakopa tena. Kati ya mechi na mechi kulikuwa na kindege, ule mchezo ambao namba inapanda huku kindege kinapaa, nawe unatakiwa kuitoa hela yako kabla hakijapotea. Raundi inaweza kwisha hujamaliza kumeza mate. Fainali ilipochezwa Desemba 18, mechi ambayo watu wataisimulia kwa wajukuu, mimi nilikuwa nahesabu kona.

Aliyenikamata ni binamu yangu. Yeye alikuwa ametumia heroini kwa miaka, na wakati huo alikuwa anakwenda kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011 na baadaye ikafika Mwananyamala na Temeke. Tulikuwa msibani Mbagala, mwezi wa kwanza. Wanaume wamekaa chini ya turubai, karata zinaendelea, na mimi kila baada ya muda nanyanyuka naenda nyuma ya nyumba. Akanifuata.

"Binamu, unakwenda kukojoa mara ya ngapi?"

"Tumbo linasumbua."

"Tumbo lenyewe lina chaji asilimia ngapi?"

Sikucheka. Yeye pia hakucheka, na sisi ni watu wa kutaniana. Akasema ile namna ya kwenda nyuma ya turubai anaijua, kaitembea mwenyewe, na kwamba Jumatano anakwenda kikaoni Kigamboni. Nauli ya pantoni atalipa yeye. Hakuongeza neno. Nilikuwa nimeshasikia mawaidha ya kutosha kutoka kwa watu wa dini na wasio wa dini, na huenda ndiyo maana niliitika: alikuwa mtu wa kwanza kuniita mahali bila kuniambia nikifika huko nitakuwa nani.

Kikao kilikuwa kwenye soba, kama tunavyoziita nyumba za waraibu wanaopata nafuu. Viti vya plastiki vimepangwa duara uani, ndoo ya maji ya kunywa na kikombe kimoja, paka. Kanuni ya kwanza ni kwamba kinachosemwa pale kinabaki pale, kwa hiyo wenzangu nitawaita kwa kazi zao. Fundi anatengeneza magari. Mama Genge anauza nyanya, vitunguu na mchicha nje ya nyumba yake. Kila mtu anataja jina lake, anasema yeye ni mraibu wa kitu gani, anaeleza siku yake, anashukuriwa, anafuata mwingine. Hakuna anayekatizwa, hakuna anayeshauriwa mpaka aombe. Utaratibu huo una ukoo wake: ulianza kwa walevi wawili wa pombe huko Akron, Ohio, mwaka 1935, watu wa dawa za kulevya wakauchukua California mwaka 1953, na wacheza kamari wakaanzisha kikao chao Los Angeles mwaka 1957. Kikao cha wacheza kamari sikukijua popote Dar. Hiki nilikuwa nimeshakifikia.

Zamu yangu ilipofika nikasema nabeti. Kijana mmoja upande wa pili akaangua kicheko. "Huyu kaliwa na Arsenal tu, arudishwe nyumbani!" Wengine wakacheka, na kusema kweli wana haki. Pale kuna watu waliolala jalalani Magomeni, watu waliozika wenzao. Mimi nilikuwa nimevaa shati la kola na kitambulisho cha kazini shingoni. Fundi hakucheka.

"Una madeni?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Mkeo anayajua?"

"Baadhi."

"Basi karibu."

Baadaye mshauri wa ile nyumba aliwaambia kwamba hata madaktari wamefikia hapo. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, umeihamishia kamari kwenye kundi moja na pombe na dawa za kulevya, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 nayo inautambua ugonjwa huo. Sidhani kama yule kijana alibadilishwa na hilo. Kilichombadilisha ni kunitazama kwa wiki kadhaa.

Siku za kwanza zilikuwa za mwili. Watu hudhani arosto, mateso ya mwili unapoacha, ni ya unga tu, na hata wenzangu walidhani hivyo. Sikutapika wala kuumwa mifupa kama wao. Lakini sikulala. Mguu wa kulia ulikuwa unacheza chini ya meza kutwa nzima, mpaka msichana wa stoo akaniuliza kama nina malaria. Mfuko wa suruali ulikuwa unatetemeka wakati simu imo kwenye droo. Nilifoka kwa sababu ya chumvi, mlango, redio ya jirani. Saa tisa usiku nilikuwa naamka mwenyewe, saa niliyozoea kuangalia matokeo ya mpira wa kikapu wa Marekani, mchezo ambao hata sheria zake sizijui vizuri. Mshauri alinichapia yale maswali ishirini ambayo kikao cha wacheza kamari huwapa wageni. Wenyewe wanasema mraibu kwa kawaida atajibu ndiyo kwa maswali yasiyopungua saba. Niliyasoma kwenye pantoni, nimesimama katikati ya baiskeli na matenga ya kuku. Lipo linalouliza kuhusu usingizi, lipo linalouliza kama umewahi kucheza ili upate hela ya kulipa deni. Kabla hatujafika Magogoni nilikuwa nimeikunja karatasi.

Saa mbaya kuliko zote ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Miezi ile ya mwanzo wa mwaka, huo ndio muda mechi nyingi za Uingereza huanza kwa saa zetu, na Dar nzima inajua. Mama Genge akanipa kazi. Kuanzia saa kumi na moja jioni niwe jikoni kwenye soba, nimenye vitunguu vya chakula cha nyumba nzima, kisha nioshe sufuria. "Mikono ikiwa na kitunguu simu huishiki," alisema, "na ukiishika ukajigusa macho, utanikumbuka." Vitunguu vyenyewe alikuwa analeta yeye, vile vidogo vidogo vilivyomdodea gengeni, na mtu aliyewahi kumenya vitunguu vya namna hiyo anajua kwamba ndoo moja ni kama adhabu ya shule. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kibanda umiza. Kila goli lilinifikia, kelele tupu bila jina la timu, na kichwa changu papo hapo kikaanza kukisia nani kafunga na nani kachana mkeka wa nani. Mama Genge akawa anapandisha taarabu juu ya kelele. Hakuwa na sauti nzuri. Jumamosi zile zilipita hivyo, na nasema zilipita tu, maana sikutoka jikoni nikiwa nimeshinda chochote. Nilitoka nikiwa nanuka.

Hapa nizungumzie hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa kuna watu wanaoamini vijana wakifundishwa hesabu za kamari wataacha. Chukua timu kumi, kila moja ina odi ya 1.5. Ukizifunga kwenye mkeka mmoja, elfu moja yako inaahidiwa takriban shilingi 57,700. Inavutia. Sasa tuseme kila timu ina nafasi ya kushinda ya asilimia 62, yaani kampuni imejiwekea faida ndogo tu kwa kila mechi. Uwezekano wa zote kumi kushinda haufiki mmoja katika mia. Ukiendelea kuweka mikeka ya aina hiyo, kwa wastani kila elfu itakurudishia chini ya mia tano. Kampuni haikupunji sana kwa timu moja. Inakupunja kidogo, mara kumi, na wewe ndiye uliyezipanga. Haya yote nilikuwa nayajua. Ningeweza kumweleza mtoto wa kidato cha tatu akaelewa, huku mkeka wangu wa timu kumi na mbili uko wazi kwenye simu.

Kinachomrudisha mtu ni nusura. Timu kumi na moja zimeshinda, moja imetoka sare dakika ya tisini, na wewe unajiona umekaribia, ingawa hakuna ulichokaribia. Luke Clark na watafiti wenzake wa Cambridge walichapisha mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kwamba kukosa kwa nusura kunaamsha sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda, na kunamwongezea hamu ya kucheza hata kama mwenyewe kaumia. Mkeka mrefu ni kiwanda cha nusura. Nilipoeleza hilo kikaoni, Fundi alisema anaielewa kuliko mimi: alikuwa anazunguka mji mzima kwa sababu mtu kamwambia mzigo umefika Keko, akifika umeisha, na kule kuukosa kulikuwa kunamchaji akimbilie Manzese. Haya ndiyo mazungumzo ambayo nisingeyapata kwa mtu mwenye huruma tupu.

Wenye matangazo ya kubeti huweka chini, kwa herufi ndogo, ushauri wa kucheza kistaarabu. Na vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina ya kamari kifuani mwa jezi msimu wa 2025/26 ukimalizika. Mikono ya jezi imeachwa.

Turudi kwenye simu. Wazo la kwanza la Fundi lilikuwa jepesi: simu janja iuzwe, nitumie kiswaswadu. Kikao kikapiga makofi. Mke wangu aliposikia alifurahi, na kesho yake nikawa na kasimu ka vibonye kenye tochi. Kila mtu aliona tatizo limekwisha. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua wasilolijua: kubeti hakuhitaji intaneti. Unabonyeza nyota, namba, reli, inakuja menyu, unachagua mechi kwa namba, unalipa kwa fedha za simu. Kiswaswadu kinafanya hayo yote bila kinyongo, na betri inakaa siku nne.

Siku hizo sikubeti. Lakini ile menyu nilikuwa nayo, na kuwa nayo kulitosha kunifanya nilale. Nikikaa kikaoni nikisema "kwa leo sijacheza," sikuwa nasema uongo, ila nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Mtaalamu yeyote asingeniuliza kuhusu hilo, kwa kuwa hakujua lipo. Mke wangu hakujua. Shehe hakujua. Na watu wa Kigamboni nao hawakujua, isipokuwa wao walijua lazima kitu cha namna hiyo kiwepo, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kuwa nacho. Jumatano moja Fundi alieleza jinsi, katika wiki zake za mwanzo za kuwa safi, alivyoficha kete moja ndani ya kiti cha gari la mteja alilokuwa analitengeneza, akawa anaichelewesha kazi makusudi ili gari lisiondoke. Mteja anapiga simu, yeye anasema gasketi haijapatikana. Hakuivuta. Alikuwa tu anataka gari liwe pale.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kiswaswadu kinabeti pia." Nikawaeleza menyu hatua kwa hatua, kama mtu anayefundisha. Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, "sasa umekuja."

Kuanzia hapo kazi ikawa ya kweli. Laini yenye fedha za simu ikaenda kwa mke wangu, akabadilisha namba ya siri. Mimi nikabaki na laini ya mtandao mwingine, ya kupiga na kupokea, isiyo na akaunti ya fedha. Ndugu wa harusi na misiba wakaambiwa michango inapitia kwa shemeji yao. Baadhi walidhani nimetawaliwa, na nikaacha wadhani hivyo. Kuhusu mshahara unaoingia benki, mke wangu ndiye aliyeleta wazo. Yeye ni mwanachama wa kikoba, na sanduku la kikoba chao lina kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu, mtindo uliosambaa nchi nyingi za Afrika kutoka kwa vikundi vya akina mama vya Niger mwaka 1991. "Kwa nini sanduku la akina mama wa Tandika lilindwe kuliko mshahara wako?" aliuliza. Basi kadi ya benki ikawa kwake, namba ya siri kwa kaka yangu mkubwa, na ujumbe wa benki ukawa unaingia kwenye simu ya Fundi. Ilikuwa kero tupu. Ili nyumba inunue unga wa ugali ilibidi kaka apatikane, na wikendi moja alikuwa Morogoro, tukala mihogo na chai siku mbili. Watoto walifurahia. Baada ya miezi tulilegeza, lakini nasisitiza kero ile ilikuwa na kazi: hela iliyokuwa inaondoka kwa vibonye vitano sasa inahitaji watu wazima watatu wazungumze.

Kazini tulibishana. Fundi alitaka nimweleze bosi kila kitu. Mama Genge akasema thubutu, mhasibu akisema ana tatizo la kamari kesho anakabidhi funguo, na watoto watakula ukweli wake? Nilimsikiliza Mama Genge. Nilimwomba bosi tu niondolewe kwenye fedha taslimu nibaki na vitabu, nikasema macho yananisumbua kuhesabu noti. Bosi akanisifu kwa unyenyekevu. Fundi mpaka leo anaona nilikosea, na huwa ananikumbusha.

Madeni ndiyo yaliyochukua muda mrefu. Mjomba wangu, mzee mwenye uwezo wake, aliposikia alitaka kuyalipa yote siku moja, yaishe, aibu iondoke kwenye ukoo. Nililia kwa furaha. Fundi aliposikia akakunja uso. "Mjomba akilipa leo, keshokutwa unakopesheka." Ni kweli tupu. Deni likifutwa kwa mara moja, jina linakuwa safi kwenye mitandao ya mikopo na kichwa kinahesabu kwamba safari hii tumetoka salama. Wacheza kamari wa kule Marekani wana kikao maalumu cha jambo hili, cha kumpunguzia mtu presha ya madeni: wanakaa naye wazoefu wawili watatu, wanaandika kila anayemdai, wanapanga kulipa kidogo kidogo, na mke au mume anakuwepo. Tulifanya vivyo hivyo sebuleni kwangu. Fundi alinunua daftari. Mimi ndiye niliyechora safu, maana ni fani yangu: jina, kiasi, tarehe, riba, nilidanganya nini. Hiyo safu ya mwisho aliidai mke wangu.

Nilidhani najua jumla. Sikuijua. Kulikuwa na wale wa mikopo ya kwenye simu, waliokuwa wanawatumia ujumbe watu wote niliohifadhi namba zao, mpaka mwalimu wa madrasa wa mwanangu, kwamba mimi ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Sisi kabla ya hapo hatukuwa na orodha, tulikuwa na Fundi aliyewapigia mmoja mmoja na kuwaambia kwa sauti ya gereji kwamba watalipwa mwisho wa mwezi na si kabla. Kwa mjomba ilibidi twende wenyewe. Mzee alikuwa amekasirika, maana kumkatalia mjomba hela ni kumkatalia heshima. Fundi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatoa shikamoo, akakaa kwenye kigoda chini ya mzee. Hakumfundisha kitu. Alimwomba tu ile fedha mzee ailipe mwenyewe shuleni, kwenye akaunti ya shule, ada ya mwaka mzima, isipite mikononi mwangu hata kwa dakika moja. Mzee alinyamaza, akaagiza chai. Tulipoondoka akaniambia mlangoni, "Huyu rafiki yako ana adabu. Katoka wapi?" Nikamwambia gereji.

Mwezi wa tatu binamu yangu aliteleza. Kliniki haendi, kikaoni haonekani. Mimi na Fundi tulimtafuta siku mbili, Temeke, Mtoni, mpaka nyuma ya stendi, tukiuliza watu ambao zamani ningewavuka barabara. Aliyenitoa mimi nyuma ya turubai alikuwa kalala kwenye boksi, na aliponiona alitaka kujua kama nimebeti. Nikasema hapana. "Basi mmoja wetu anafaa," akasema, akafumba macho. Alirudi kliniki baada ya wiki kadhaa, kwa miguu yake. Nilichogundua nikiwa njiani kurudi usiku ule ni kwamba ilikuwa usiku wa Ligi ya Mabingwa, na sikujua ni timu zipi zimecheza.

Siku hizi mimi ndiye ninayewapokea wa kubeti wanaofika Kigamboni, na wanaongezeka. Wengine walianza utotoni kwenye dubwi la dukani, lile linalomeza sarafu za mia mbili. Wa mwisho kufika ni kijana wa bodaboda. Wateja wake wanamlipa kwa simu na wengine wanamwita kwa programu, kwa hiyo huyu simu janja hatuwezi kuigusa. Tukiichukua tumechukua pikipiki. Tumebishana vikao vitatu. Fundi anataka malipo yote yaingie kwenye lipa namba ya mama yake, anayekaanga chapati pale kituoni anapopaki. Mama Genge anauliza mama ataelezwaje, maana mwanawe kamwambia hela zinakatwa na tajiri wa pikipiki. Kijana mwenyewe anataka mama asijue. Jumatano ijayo mama anakuja, mwanawe kakubali kwa shingo upande, na mimi nimepewa kazi ya kuchora safu za madeni. Kijana kaniapia anadaiwa na watu watatu tu. Nimenunua kaunta buku, ile nene.